Chungu Kimoja

Je, msomaji, mwenye haki ni yule awagawiaye watu wote sawasawa, au ni yule ampaye kila mtu kimfaacho? Swali hili huulizwa sana katika habari za mali na vyeo. Mimi napenda tulitazame ndani ya chungu cha uji, kwani huko jawabu lake huonekana upesi, tumboni mwa mtoto.

Wako watu wachache ambao ngano, shayiri na rai huwadhuru. Ndani ya nafaka hizo mna kitu kiitwacho gluteni. Mtoto asiyekiweza hula akakonda. Dakta Willem Karel Dicke wa Uholanzi aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa kuu iliyoipata nchi yake mwaka 1944 hadi 1945, mkate uliadimika, na watoto wenye maradhi hayo wakapata nafuu hali wenzao wakidhoofika. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Riziki ya wengi ilikuwa dhuluma kwa wachache, wala hapana aliyekusudia kudhulumu.

Sasa fikiri shule yo yote ya Oldonyiro, katika kaunti ya Isiolo. Wasamburu na Waturkana wa huko ni wafugaji, na maziwa ndiyo chakula walichokirithi. Lakini mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Mifugo ikafa kwa wingi, na nafaka ikazidi kushika mahali pa maziwa. Tuseme katika watoto arobaini yuko mmoja asiyeweza ngano. Wako watakaosema apikiwe chungu chake. Huo ni wema, lakini ni wema unaomtenga: kila asubuhi ataketi na bakuli lake peke yake, na ndimi za watoto ni kali.

Mimi naona heri kubadili chungu cha wote. Wimbi, mtama na uwele havina gluteni, na wimbi asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Koroga unga wa wimbi na wa mtama katika maji baridi, uache usiku kucha uchachuke. Asubuhi umimine katika maji yachemkayo, ukikoroga pasipo kupumzika usije ukafanya madonge, hata harufu ya unga mbichi iishe. Ulaya hutia matunda ya majira ya majani kupukutika. Sisi tuna ukwaju wa kuroweka na kukamua, na kunazi za kutoa kokwa na kuponda. Mwisho hutiwa karanga zilizokaangwa na kutwangwa.

Kazi ngumu iko kwenye mashine ya kusagia. Iliyosaga ngano jana huitia ngano hiyo katika wimbi la leo. Je, msagaji ataisafisha kwa ajili ya mtoto asiyemjua?

Utaniuliza: karanga nazo huwadhuru wengine, tuziondoe pia? Tukitupa kila kinachomdhuru mmoja, chunguni yatabaki maji. Kuacha ngano hakuwapunguzii wengi kitu, bali kuwanyima karanga watoto wa nchi kame ni kuwanyima mafuta ya mwili. Mambo hayo mawili siyapimi kwa mizani moja. Akiwapo mtoto ambaye chembe tu ya karanga yaweza kumwua, ziondolewe kabisa. Asipokuwapo, na zikae katika bakuli lake, kila mtu ajitilie, wala upawa wake usiingie chunguni.