Kiu Ijayo: Maji ya Msafiri kati ya Ibada na Uhai

Katika fikihi, yaani elimu ya hukumu za matendo ya Mwislamu, limo swali ambalo kwa sura yake ni dogo lakini kwa uzito wake linagusa uhusiano mzima wa ibada na uhai: je, msafiri mwenye maji machache chomboni, ambaye wakati wa sala umeshaingia na kiu bado haijamfika, anaruhusiwa kuyaweka maji hayo kwa ajili ya kiu ya kesho na kuacha udhu uliomwajibikia leo? Swali hili lilizaliwa katika zama za viriba na ngamia, na wengi wangelidhani kwamba limezikwa pamoja nazo. Hata hivyo linajitokeza upya kila mahali ambapo mtu hulazimika kubeba maji yake mwenyewe, na hakuna mahali linapojitokeza waziwazi zaidi kuliko katika karavani ndogo, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, ambayo familia nyingi za Uingereza huitumia kwa mapumziko ya kiangazi.

Karavani ya aina hiyo haina mfereji wa mji. Maji yake hukaa ama katika tangi dogo lililofungwa chini ya sakafu, ama katika pipa la plastiki la lita 40 hivi linaloviringishwa ardhini kutoka bombani hadi mlangoni, na pampu ndogo ya volti 12 huyasukuma hadi jikoni na bafuni. Kwa kuwa kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja, na karavani nyepesi ina kikomo cha mzigo kisichopaswa kuvukwa, wenyeji wa safari hizo hupenda kuliacha tangi tupu au nusu wanapokuwa barabarani, wakalijaza wakishafika. Hivyo uchache wa maji hapa hautokani na ukame, kwani Uingereza ni nchi ya mvua. Unatokana na udogo wa chombo na uzito wa kinachobebwa, jambo ambalo halitofautiani sana na hali ya msafiri wa jangwani aliyepima mgongo wa mnyama wake kabla ya kujaza kiriba.

Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yamelijibu swali hilo kwa uwazi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake *Minhaj* kwamba miongoni mwa sababu za kuhalalisha tayamamu, yaani kupaka uso na mikono kwa udongo safi badala ya kutawadha, ni kuyahitajia maji kwa kiu ya kiumbe muhtaramu, maana yake kiumbe ambaye uhai wake una haki ya kulindwa, hata kama kiu hiyo ni ya wakati ujao. Hukumu hiyo hiyo imo katika *Safinat al-Naja*, kijitabu ambacho wanafunzi wengi wa vyuo vya pwani wamekisoma utotoni. Ni kweli kwamba vitabu hivi huwatoa wachache katika ulinzi huo, kama vile mbwa mwenye kujeruhi watu, na orodha ya hao wanaotolewa ina mjadala wake. Lakini kanuni yenyewe ni pana kuliko inavyotarajiwa, kwa sababu haimtazami mwenye maji peke yake, bali humwingiza mwenzake wa safari na mnyama aliye pamoja nao. Mbwa mpole anayelala chini ya meza ya karavani, ambaye kwa Mashafi mate yake ni najisi, ana haki katika maji yale kabla ya udhu wa bwana wake.

Hoja ya wanachuoni ni kwamba udhu una badali na kiu haina. Udongo unaweza kusimama mahali pa maji mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini hauwezi kusimama mahali pa maji kooni. Hoja hii inatosha kwa kiu iliyopo. Kwa kiu ijayo, hata hivyo, inahitaji kusukumwa mbele kidogo, maana mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo ambalo halijatokea lishinde wajibu ambao wakati wake umeshaingia, na kama kuweka akiba namna hiyo hakupingani na tawakali, yaani kumtegemea Mungu baada ya kufanya linalowezekana. Jibu lenye nguvu zaidi ni kwamba sheria haikuuona uhai kuwa mshindani wa ibada, hata ikabidi ibada ishinde ili imani ithibitike. Aliyewajibisha udhu ndiye aliyewajibisha kulinda nafsi, na mja anayeyaweka maji kwa ajili ya mtoto atakayeamka usiku na kiu anatii amri mbili kwa wakati mmoja, moja kwa udongo na nyingine kwa subira. Tayamamu yenyewe, kama inavyosimuliwa katika hadithi, ilishuka safarini, pale jeshi lilipokawia kwa kutafuta kidani cha Bi Aisha, mke wa Mtume, mahali pasipokuwa na maji. Ruhusa hiyo tangu mwanzo ilikuwa ruhusa ya watu walio njiani, na haikuwahusisha na upungufu wowote wa imani.

Lakini ruhusa hii ina mlango mwembamba, na hapo ndipo msafiri wa leo anapopaswa kuwa mwangalifu. Khofu inayozingatiwa ni ile iliyojengwa juu ya dhana yenye nguvu, yaani makadirio yenye dalili, wala si wahamu, ambao ni wasiwasi usio na msingi. Asiyejua lita ngapi zimebaki tangini mwake hawezi kusema kweli kwamba anachelea kiu, kwa maana hajui anachokichelea. Kwa hiyo kile kipimo chenye taa ndogo kilichobandikwa ukutani mwa karavani, ambacho mtengenezaji alikiweka kwa ajili ya starehe, kwa mwenye kusali kinakuwa chombo cha kuijua hukumu yake. Zaidi ya hayo, anayetaka kutayamamu kwa kukosa maji hulazimika kwanza kutafuta katika mizigo yake na kwa wenzake, na akiwa na yakini kwamba maji yapo katika umbali ambao wanachuoni wameukadiria kuwa nusu farsakhi, yaani karibu kilomita mbili na nusu hadi tatu, humpasa ayaendee maadamu nafsi yake na mali yake viko salama. Viwanja vya karavani vya Uingereza kwa kawaida vina bomba la pamoja hatua chache kutoka kila maegesho. Uvivu wa kuliviringisha pipa usiku wa baridi si udhuru, na hata akikosa maji kwa sababu ya kweli, Mashafi humtaka aliyetayamamu mahali ambapo kukosekana kwa maji ni nadra aje airudie sala hiyo.

Kwa hiyo wajibu mkubwa wa msafiri huyu hauko katika tayamamu, uko katika kupima. Imepokewa kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kinachokaribiana na kibaba, na akikoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Wanachuoni hutofautiana katika kuubadili mudi kuwa lita, lakini makadirio mengi huangukia kati ya nusu lita na robo tatu ya lita. Watu wazima wawili wanaosali sala tano kwa udhu mpya kila mara watatumia, kwa kipimo hicho, lita sita au saba kwa siku, na wakikusanya sala kwa ruhusa ya safari watapunguza zaidi; maji ya kunywa, ya kupikia na ya vyombo yatabaki na nafasi yao katika zile lita 40. Bomba lililoachwa wazi huibatilisha hesabu hii yote, kwani pampu hutoa lita kadhaa kwa dakika, na mtu mwenye kusugua vidole vya miguu taratibu anaweza kumaliza udhu mmoja kwa maji ya siku nzima ya sunna. Suluhisho ni la zamani na ni jepesi: maji hukingwa kwenye kopo, pampu ikazimwa, kisha mtu akatawadha kwa kilichomo koponi.

Jambo la pili la kupimwa ni tohara ya maji yenyewe. Mashafi hutofautisha maji yaliyofikia kulateni na yaliyo chini yake. Kulateni ni kipimo cha kale cha mitungi miwili mikubwa, kinachokadiriwa leo kuwa takriban lita 200, sawa na tangi la mraba lenye sentimita 60 hivi kila upande. Maji yaliyofika hapo hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu yake ibadilike kwa najisi, lakini yaliyo chini ya hapo hunajisika kwa kuguswa tu na najisi, hata kama hayakubadilika. Mabirika ya misikiti ya kale ya pwani yalijengwa makubwa kuliko kipimo hicho, na ndiyo maana watu wengi waliweza kuchota humo bila taabu. Pipa la karavani halifiki hata robo yake. Kwa sababu hiyo katazo la viwanja vya karavani la kulijaza pipa kwenye bomba lililowekwa kwa kusuuzia kasha la choo, ambalo wenye viwanja hulitoa kwa kuogopa vijidudu, kwa fikihi pia lina uzito mkubwa, ingawa njia za kulifikia ni mbili tofauti.

Utofauti huo hauna budi kushikwa vizuri, kwa sababu tohara na afya si kitu kimoja, na kuvichanganya kumewapotosha wengi pande zote mbili. Maji yaliyopata harufu ya plastiki kwa kukaa tangini ni tohara na hutoharisha, kwa kuwa badiliko hilo limetokana na kitu kilicho jirani na maji, hakikuchanganyika nayo; maji yaliyotiwa dawa kidogo ya klorini nayo hubaki maji kamili maadamu hayajabadilika hata yakapoteza jina la maji. Kinyume chake, maji yaliyokaa wiki tatu katika mipira ya karavani iliyofungwa wakati wa joto yanaweza kuwa salama kwa udhu kwa kadiri ya vitabu, huku yakibeba bakteria ya lejionela, ambayo hustawi katika maji yaliyotuama yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45, na ambayo humdhuru mtu anapovuta matone madogo sana ya maji ya bafu yaliyo hewani. Hapo sheria huzuia matumizi yake kwa mlango mwingine, mlango wa kuzuia madhara, wala haidai kwamba maji hayo ni najisi.

Yanabaki maji ya ziada. Fikihi husema kwamba maji yaliyotiwa chomboni ni mali ya aliyeyatia, tofauti na ya mto na mvua, na anaweza kuyauza. Hata hivyo hadithi imewahesabu miongoni mwa watu ambao Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama wale wenye maji ya ziada njiani wakamnyima msafiri. Nawawi anaongeza jambo la upole mkubwa: anayepewa maji, au anayeazimwa ndoo, humpasa kuyapokea kwa kauli iliyo sahihi zaidi, lakini anayepewa fedha za kununulia maji halazimiki kuzipokea, kwa kuwa fedha huacha deni la fadhila moyoni, ilhali watu wamezoea kupeana maji bila masimango.

Na pale safari inapokwisha, na tangi ni lazima limwagwe ili jalidi ya majira ya baridi isije ikapasua mipira, kumwaga huko si israfu, kwa sababu kuna lengo sahihi. Israfu, kama ipo, ilitendeka siku ya kujaza kupita haja. Mwenye karavani aliyepanga vizuri huyatumia maji ya mwisho kwa udhu wa sala ya safari ya kurudi, na yaliyobaki akayamimina kwenye mizizi ya mti ulio karibu, kwa sharti kwamba ni maji masafi ya tangini, wala si yale ya sabuni yanayokusanywa katika chombo chake cha maji machafu.