Namba ya Siri ya Jirani



Jumapili baada ya ibada, kabla sijaondoka pale nje ya kanisa, hutokea mama mmoja au wawili wakafungua pindo la kanga na kutoa simu. "Mwalimu, hebu nitazamie kama mtoto ametuma." Kisha, kwa sauti ambayo hata wanakwaya wanaisikia, mama hunitajia namba yake ya siri.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa ni la mama huyo. Tumetangaziwa mara ngapi kwamba namba hiyo haitajwi kwa mtu ye yote? Akiibiwa, amejitakia. Ndivyo tusemavyo wengi wetu, na twasema kwa wepesi kwa sababu tunajua kusoma.

Yako maarifa siku hizi yanayochunguza jinsi mtu na kompyuta wanavyoelewana, na simu hizi nazo ni kompyuta ndogo. Mwaka 1988 mtaalamu mmoja wa Marekani, Donald Norman, alitoa kitabu juu ya vitu tunavyotumia kila siku. Mfano wake unaojulikana sana ni wa mlango: watu wakiusukuma mmoja baada ya mwingine, na kumbe ni wa kuvuta, asilaumiwe anayesukuma bali aliyeutengeneza. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo neno lililo karibu na hilo: darasa zima likishindwa hesabu, mwalimu atazame kwanza andalio lake la somo. Ajabu ni kwamba sikuwahi kulitumia neno hilo kwa mama wa pindo la kanga.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa kizuri. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ilianza kuijaribu M-Pesa huko Nairobi na Thika. Nia ilikuwa watu waliochukua mikopo midogo wailipe kwa simu. Waliosimamia majaribio wakaona wakopaji wanafanya jambo jingine: wanatumiana fedha wao kwa wao. Wangeweza kusema hawa wanaharibu mpango. Badala yake wakaubadili mpango wenyewe, na mwezi Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa watu wote kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikafika kwetu Tanzania.

Hapo mashine ilikubali kufundishwa na watu. Lakini kwenye namba ya siri bado ni mwanafunzi mgumu. Inadhani kila simu ina mwenyewe mmoja, mwenye macho mazuri, ajuaye kusoma, na aliye peke yake. Sisi hatukuishi hivyo. Zamani barua ikifika, nani aliisoma peke yake? Aliitwa mtoto wa shule akawasomea nyumba nzima. Basi mama anayenitajia namba si mjinga. Anafanya lile lililofanywa siku zote na mtu aliyehitaji macho ya mwenzake. Mambo ya Walawi sura ya 19 inakataza kumwekea kipofu kikwazo, nami naona katazo hilo linamfikia hata mtengenezaji wa mashine aliyeko mbali.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimemlaumu mtu wa mbali. Lakini mwaka jana mama mmoja mjane aliniomba nimsomee ujumbe wa mwanawe, naye akanitajia namba yake kama kawaida. Nikafungua na salio, ambalo hakuniomba. Nilikuwa na maneno moyoni juu ya kijana huyo, nikataka kujua kama anamtunza mama yake. Sikuchukua hata senti. Ila nilikuta fedha nyingi kuliko nilivyodhani, na juma lililofuata tulipochanga kwa ajili ya paa, naye akatoa shilingi elfu moja, nilimtazama vibaya. Aliliona jicho langu; sababu hakuijua. Fedha zile zilikuwa za nini, si kazi yangu kujua.

Nilikaa na jambo hilo karibu mwezi, kisha nikaenda kwake kumwambia. Alinyamaza kitambo. Halafu akauliza, "Mwalimu, kumbe namba ile inaonyesha na zilizomo?" Kwa miaka yote alidhani ni ya kupokelea tu.

Sasa tunafanya hivi. Ikifika mahali pa namba namrudishia simu, nami nageukia ukuta wa kanisa. Amejifunza kwa vidole, si kwa tarakimu, kama mtu ajuavyo njia ya kisimani usiku. Huchukua muda, na wanaongoja zamu yao hukunja uso. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba zamani nilikuwa mwepesi zaidi. Jumapili iliyopita alikosea mara mbili, na mara ya tatu mashine humfungia mtu. Nikasikia anahesabu polepole kwa Kingoreme, kisha akacheka. Nilipogeuka, alikuwa amekifunika kioo cha simu kwa kiganja chake.