"Mimi Nimetumwa Tu"



Leo tunasema juu ya mamlaka ya utekelezaji, maana ndiyo sura ya leta tunayoiona kila siku. Wanaotunga sheria wako Kinshasa, na wengine katika bunge la jimbo, Lubumbashi. Waamuzi wako mahakamani. Sisi wa Kasenga tunakutana na administrata wa teritwari, aliyeteuliwa kutoka juu bila kura zetu, na askari wa kizuizini, na karani wa ushuru anayesimama mbele ya mama mwenye beseni la samaki wa Luapula. Mama akiuliza kwa nini analipa mara ya pili, anajibiwa: "Mama, mimi nimetumwa tu."

Je, jibu hilo linamwondolea hatia?

Tuseme haki: karani akichagua mwenyewe sheria za kutii, mama yule ataumia zaidi. Sheria njema isiyo na mtekelezaji ni karatasi tu. Utii si ubaya.

Lakini tukumbuke 1921. Wakati ule mfalme wa Ubelgiji ndiye aliyekuwa mtekelezaji, na sheria za koloni zilitoka kwake pia kwa dekreti. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu nabii Simon Kimbangu kufa. Mfalme Albert akaibadilisha hukumu iwe kifungo cha maisha. Nabii akaletwa gerezani Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, akabaki mfungwa hata kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Kalamu iliyomwokoa na kifo ndiyo iliyomfungia mlango. Na katika miaka ile 30, ni wangapi walioshika ufunguo wa mlango ule? Kila mmoja alikuwa ametumwa.

Uhuru haukutuponya ugonjwa huo. Tarehe 31 Desemba 1971 Rais Mobutu alitia sahihi sheria juu ya dini, na makanisa mengi yaliyoanzishwa na Waafrika yakajikuta bila ruhusa.  Lakini Rais hazunguki vijijini na kufuli mkononi, anatuma.

Farao naye alituma. Shifra na Pua, wazalishaji, waliambiwa waue watoto wa kiume. Hawakupiga kelele, hawakushika silaha. Waliacha tu watoto waishi.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 28, inasema kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuvunja sheria. Neno zuri sana. Ila kifungu hichohicho kinamtaka anayekataa ndiye athibitishe ubaya wa amri. Hapo ndipo penye uzito, wapendwa. Karani mwenye watoto sita na mshahara unaochelewa, atasimama mbele ya nani athibitishe? Tusimhukumu upesi.

Walakini mara nyingine hakuna aliyemtuma, amejituma mwenyewe. Aliyetumwa kweli anaweza kumtaja aliyemtuma, na kuonyesha karatasi. Mama wa beseni ana haki ya kuiomba, kwa heshima, bila matusi.

Kati yetu wako wanaoimba kwaya Jumapili, na Jumatatu wanavaa kofia ya leta. Tunawaomba wakae nasi baada ya ibada, watueleze wanafanyaje siku wanapopewa amri ya namna hiyo. Tutawasikiliza bila kuwakatiza.