Je, Kutembea Bila Shughuli Ni Uvivu?



Katika vijiji vyetu huulizwa mara nyingi swali hili: mtu mzima mwenye afya, akiamka asubuhi akashika njia ya kwenda kijiji cha jirani, bila bidhaa ya kuuza, bila mgonjwa wa kumtazama, bila shauri la kusikiliza, je, ametenda vibaya? Wako wanaosema, "Huyo ni mvivu, siku yake ameitupa." Wengine hujibu, "La, amepumzika, na pumziko ni haki yake." Yafaa tuyachunguze maneno haya mawili, kwa maana kila upande umeshika kipande cha kweli, na jambo kubwa zaidi pande zote mbili zimelisahau.

Kwanza tuutazame mwendo wenyewe. Yangambi iko kwenye ukingo wa kulia wa mto Kongo, yapata kilomita 100 kutoka Kisangani kwa kufuata maji yateremkavyo. Mtu akiondoka alfajiri katika kijiji cha wavuvi Walokele, ukungu ukiwa ungali juu ya maji, akaelekea bara kwa wakulima Waturumbu, atapita mashamba ya mihogo na migomba, kisha vichaka vya mashamba yaliyoachwa yapumzike, kisha msitu mkubwa ambamo jua huonekana vipande vipande. Atavuka vijito kwa gogo moja, na juu yake kasuku watapita wakipiga kelele. Njia za namna hii zilifunguliwa kwa haja: watu wa mtoni walipeleka samaki, watu wa msituni walileta mihogo, wakabadilishana sokoni. Lakini biashara ilipokwisha, watu walikaa, wakaulizana habari, wakaoana. Lugha yetu yenyewe inashuhudia jambo hilo, maana katika neno kutembea limezaliwa neno kutembelea. Atembeaye vema, mwisho wa njia yake hufika kwa mtu.

Sasa uvivu ni nini? Mvivu si kila aliyeketi wala kila aliye mikono mitupu. Mvivu ni yule anayeukimbia wema unaompasa, kwa sababu wema huo unamlemea moyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba uvivu wa roho unapingana na amri ya kuitakasa Sabato. Litafakarini neno hili. Tungedhani mvivu ndiye aishikaye vizuri kuliko wote siku ya kupumzika, kumbe ndiye anayeivunja, kwa kuwa moyo wake hauwezi kutulia katika Mungu. Basi pumziko na uvivu si ndugu. Aliyelima siku sita, kisha akatembea siku moja akitazama kazi ya Muumba na kuwasalimu jirani zake, hakuiba siku ya mtu.

Hata mbali na kwetu watu wamelipigania jambo hili. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alidai wafanyakazi wapewe pumziko la Dominika. Huko Uingereza iko desturi ya watu walio katika likizo kutembea kutwa nzima kutoka kijiji hata kijiji, wakifuata vijia vinavyokata mashamba ya wenyewe, pasipo haja nyingine. Msidhani ni starehe ya matajiri tu. Siku ya Dominika, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima uitwao Kinder Scout, ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga ili wawinde ndege. Vijana watano walitiwa gerezani. Mwaka 1949 ilitungwa sheria iliyoamuru vijia vya watu wote viandikwe katika ramani, visipate kupotea. Vijana wale walijua thamani ya siku moja ya miguu iliyo huru.

Nasi babu zetu waliijua thamani hiyo kwa njia iliyo chungu zaidi. Katika miaka ya Dola Huru la Kongo, tangu 1885 hata 1908, watu wengi wa nchi hii walishurutishwa kubeba mizigo ya wengine na kukusanya mpira msituni. Kwao kutembea kulikuwa adhabu. Miguu ilikuwa yao, lakini safari ilikuwa ya mwingine, na uzito ulikuwa wa mwingine.

Hapa ndipo penye jambo lile tulilolisahau. Someni kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya tano. Amri ya pumziko haikupewa baba wa nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa na mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Sababu inatajwa pia: Waisraeli wakumbuke kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Maana yake ni kwamba pumziko langu, likiwekwa juu ya mgongo wa mwingine, si pumziko tena.

Basi tutazame njia zetu. Mara ngapi tumemwona mume anatangulia, panga mkononi, hatua nyepesi, akisema anakwenda kuwaona ndugu? Nyuma yake anakuja mke: kikapu cha mihogo mgongoni, kamba imebana kipaji cha uso, kuni juu ya kikapu, mtoto kifuani. Wote wawili wamekwenda njia ile ile. Mmoja ametembea, na mwingine amebebeshwa. Wepesi wa yule wa mbele umelipwa kwa shingo ya yule wa nyuma.

Wazee watanijibu, "Mwanaume alitangulia mikono mitupu ili amkinge mkewe na chui na adui." Nakubali, tena nauheshimu ulinzi huo. Aliyekuwa tayari kufa mbele ya mkewe hakuwa mvivu. Lakini desturi ni kama ngozi ya ngoma: sababu yake ikichakaa, haifai kuendelea kuipiga kana kwamba ni mpya. Njiani leo adui huyo yuko wapi? Na kama hatari ipo kweli, je, inamzuia mume kubeba nusu ya mihogo wanapofika mahali palipo wazi, au kuuweka mzigo juu ya baiskeli yake na kuisukuma?

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Kutembea bila shughuli si dhambi, bali kwaweza kuwa pumziko takatifu. Lakini kabla ya kutoka mlangoni, kila mmoja ajiulize mambo matatu. La kwanza: je, nimeacha wajibu wangu bila kuutimiza? La pili: je, mwisho wa njia hii nitafika kwa mtu, au nitazurura tu? La tatu, lililo zito kuliko yote: nikitembea mwepesi leo, nani amebaki na mzigo wangu?

Dominika ijayo, baada ya sala, mnaoweza nendeni mkawatembelee watu wa kijiji cha jirani. Chakula cha njiani kigawanywe katika vikapu viwili. Mtoto asiachiwe ndoo zote za maji ili wakubwa watembee. Rudini kabla ya giza, na yule aliyezoea kuja nyuma atangulie, apate naye kuuona msitu.