Kutawakali Si Kujitupa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, wako wasemao kuwa mwenye kwenda Hija hapasi kuogopa maradhi, kwani akifa njiani amekufa kifo chema. Maneno haya ni haki iliyochanganywa na batili. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu, na yule aliyetaka kutawakali bila kumfunga ngamia wake, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha amfunge kwanza.

Basi na tuzitazame safari zetu. Mtu hukaa usiku kucha katika basi kutoka Mombasa mpaka Nairobi, kisha akakaa tena katika ndege kwa muda wa karibu saa nne mpaka Jeddah. Miguu isipotikisika, damu huenda polepole katika mishipa ya ndani, na pengine huganda ikawa donge. Donge hilo likikatika na kupanda mapafuni, laweza kuua. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2007 kuwa safari ya muda wa saa nne au zaidi huizidisha hatari hii kiasi cha mara mbili, iwe kwa ndege, basi au gari la moshi. Kwa mtu mzima wa afya hatari ni ndogo, kama mtu 1 katika 6,000. Lakini uzee, unene, saratani, mimba na kupasuliwa karibuni huiongeza, na mahujaji wetu wengi ni wazee.

Kinga yake ni nyepesi: kusimama na kutembea kila baada ya muda, kukunja na kukunjua vifundo vya miguu, na kunywa maji. Wako wajizuiao maji ili udhu usitenguke. Hiyo si taqwa. Udhu hutiwa upya, uhai hautiwi upya.

Na baadhi ya wanawake humeza vidonge vya kuzuia hedhi ili wapate kutufu. Katika vidonge hivyo mna vinavyozidisha kuganda kwa damu. Basi wasivitumie ila kwa shauri la tabibu. Hedhi si aibu. Ilimpata Bibi Aisha (r.a.) katika Hija ya Kuaga, naye akaambiwa afanye yote afanyayo haji isipokuwa kutufu, mpaka atwahirike.

Ama soksi za kubana, mwanamume aliyeharimia hazimhalalikii pasipo haja. Lakini tabibu akimwamuru kwa maradhi, azivae na atoe fidia: kufunga siku 3, au kulisha maskini 6, au kuchinja mbuzi, kama alivyoamrishwa Kaab bin Ujra alipoudhiwa na chawa kichwani akanyoa.

Na atakayevimba mguu mmoja ukamuuma, au akabanwa na pumzi, hata kama ni majuma kadhaa baada ya kurejea, asiseme ni kijicho wala asianze kwa mganga. Aende hospitali upesi. Mwili ni amana, na tutaulizwa tuliichunga vipi.

Mwenyezi Mungu awatakabalie mahujaji wetu na awarejeshe salama. Amin.