Mnyama wa Mwindaji Ana Njia Yake

Vijana wanaojifunza kumchosha adui kwa mbio ndani ya gemu hufundishwa mengi kuhusu miguu yao wenyewe, na machache mno kuhusu wale wanaowafuata. Katika World of Warcraft, gemu ya Blizzard iliyotoka Novemba 2004, pengo hilo limewagharimu watu wengi, na mara nyingi aliyelipa hakuwa yule aliyekosea.

Mwindaji wa gemu hiyo hawezi kushika ngao. Kinga yake ni umbali. Humpiga adui mshale wa kumpunguzia mwendo, hukimbia, hugeuka na kupiga tena. Huzunguka mwamba, hushuka bonde, huku mnyama aliyemfuga, simba au dubu au nge, akimsumbua adui kutoka nyuma. Ni ustadi wa kupendeza, na mwenye kuuweza huangusha peke yake adui ambaye wengine humkabili kwa kundi.

Sasa mtazame mwindaji huyo Gnomeregan, mji wa chini ya ardhi wenye ukingo ambao ukiuruka unafupisha safari. Kundi linaruka, naye anaruka. Mnyama haruki. Programu inayomwongoza inamtafutia njia ya kutembea, na njia hiyo inapita kwenye korido zote ambazo kundi limezikwepa. Kila adui anayemwona anamfuata. Kule chini wenzake wameketi, wanakula mkate na kunywa maji kurudisha nguvu, na tabibu hajafika hata nusu ya chupa. Simba anaingia mbio kwa mlango wa mbali, nyuma yake msururu wa maadui. Kundi zima linakufa, na mwindaji anauliza ni nani aliyewachokoza.

Dawa yake inajulikana: mwondoe mnyama kabla ya kuruka, mwite tena ukishatua.

Adui naye ana njia yake. Mwaka 2005 wachezaji walimvuta Lord Kazzak, bosi wa nyika ya Blasted Lands, wakampitisha kwenye mabwawa na misitu hadi ndani ya jiji la Stormwind. Waliomvuta walijua kukimbia. Lakini Kazzak alikuwa akipona kila alipomuua mtu, na Stormwind ilijaa wachezaji wa levo za chini waliokuja kununua silaha na kujifunza kazi. Kila mgeni aliyeanguka alimrudishia bosi afya, hivyo wenye nguvu walipokusanyika kumpiga, hawakufika popote. Mimi siwezi kuuita huo ushujaa. Mbio zilikuwa za wachache, na vifo vikawa vya watu ambao hawakuombwa ruhusa.

Lililo kubwa zaidi lilitokea mwaka huohuo. Tarehe 13 Septemba lilifunguliwa eneo la Zul'Gurub, lenye bosi Hakkar, aliyehitaji kikosi cha watu 20. Hakkar aliwaambukiza wapiganaji Corrupted Blood, ugonjwa uliokula afya kila baada ya sekunde chache na kumrukia yeyote aliyesimama karibu. Wabunifu walikusudia uishie humo humo. Ila wanyama nao waliambukizwa, na mwindaji aliyeona wake anakaribia kufa alimwondoa, kwa huruma na kwa akili, kama alivyofundishwa. Ugonjwa haukuisha. Ulisimama pale ulipofikia, ukangoja.

Mwindaji akarudi jijini, Ironforge au Orgrimmar, akafika mbele ya benki penye msongamano, akamwita mnyama wake. Wa levo za chini walikufa papo hapo. Walinzi na wauza bidhaa wanaoendeshwa na kompyuta waliambukizwa bila kufa, wakawa wanamgawia ugonjwa kila aliyekaribia. Barabara zilijaa mifupa. Wako matabibu waliojitolea kutibu wasiowajua, wako waliotorokea mashambani wakiubeba ugonjwa, na wako walioueneza kwa makusudi. Blizzard ilijaribu karantini, ikapuuzwa. Mwaka 2007 watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman walikieleza kisa hiki katika The Lancet Infectious Diseases, kwa sababu watu walikuwa wametenda jinsi watu hutenda kwenye mlipuko wa kweli.

Kwa hiyo kitendo kilekile kinachookoa kundi Gnomeregan ndicho kilichoangamiza miji. Mwindaji makini humkagua mnyama kabla ya kumwondoa: ana jeraha gani, amebeba nini, na ataitwa tena mbele ya nani. Wakati ule waliokagua walikuwa wachache mno, na ugonjwa ulidumu hadi Oktoba, mpaka kampuni ilipozizima na kuziwasha upya seva zake, kisha ikabadilisha programu ili damu ya Hakkar isiwashike wanyama tena.