Kiti Kilicholipiwa

Tulipokuwa kidato cha nne, darasa letu lilikwenda Mikumi. Kutoka Kilosa ni kama kilomita 70, na njiani kuna kijiji kinachoitwa Ulaya, kwa hiyo utani ulikuwa uleule kila mwaka: wakubwa wanakwenda Ulaya. Mimi sikwenda. Kwenye mahafali pia sikutokea, wala fulana ya kuagana sikuvaa.

Nilikuwa na hoja. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na kila nilipokwenda kwa babu niliona twiga na pundamilia kwenye dirisha la basi, bure. Ya nini kuchangia? Nilikuwa na miaka 17 na nilipenda hoja kuliko watu.

Ila hoja hiyo sikumpa kiranja. Nilimwambia sina hela. Mwenye hoja hubishiwa, asiye na hela huachwa. Mchango mama alikwishanipa. Ulikuwa ndani ya daftari la kemia.

Sikuachwa. Siku mbili kabla ya safari kiranja alinikuta nafua. "Oya, tumekuchangia." Watu tisa walitoa hela zao za sabuni na za maandazi. Nikasema asante. Alfajiri ya safari nikajifunika shuka, nikasema naumwa. Nililisikia basi likinguruma getini karibu nusu saa, kisha likaondoka na kiti changu kitupu.

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kama habari ya uhuru. Na bado naamini mtu ana haki ya kukaa pembeni bila kuitwa mwenye maringo. Michango ya mahafali, tuseme ukweli, imewatesa wazazi wengi. Ningekataa waziwazi, hata leo ningejitetea. Lakini sikukataa. Niliazima umaskini ili nisibishane, na umaskini ule ulikuwa na mwenyewe.

Maana bwenini tulibaki wawili. Mwenzangu hakuwa na hela kweli, na hakumwambia mtu. Alipoulizwa alisema safari haimvutii, yaani alisema maneno yaliyokuwa yangu, nami nikawa nimeyachukua yake. Darasa likamwamini kila mmoja wetu. Zile hela za sabuni zingemtosha yeye.

Sijui kama nilimnyang'anya. Hakuna aliyetupanga foleni, na huenda asingepokea. Wapo watu wanaoona afadhali wakose kuliko kuchangiwa. Lakini najua kwamba kujitenga kwangu kulilipiwa, na si na mimi.

Saa nne aliniletea chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki, akakaa pembeni ya kitanda changu. Daftari la kemia lilikuwa chini ya mto. Akaniuliza kama homa imeshuka.

Nikamwambia bado.